"Kwenu kumepoa, fungeni mizigo": wimbo wa uwanjani una historia ndefu



Insha ya mwezi huu ilikuwa iwe ya historia ya Kombe la Afrika. Tumeiweka pembeni. Sababu ni ile fainali ya mashindano ya zoni. Wengi wenu mlikuwepo, na ambao hamkuwepo mmeshaletewa habari zake.

Kwa wasiotujua, kundi letu lina Wakongo na Warundi, tuko kambini hapa mkoa wa Kigoma, Tanzania. Wengine wetu tumezaliwa hapahapa. Fainali ilikuwa timu ya Wakongo na timu ya Warundi. Kipindi cha pili, Warundi wakiwa mbele goli moja, upande wa Wakongo ukaanza: "Kwenu kumepoa, gari linangoja, fungeni mizigo!" Ngoma ikakolea, watoto wakadaka, uwanja mzima ukashika. Sisi Wakongo wa kundi hili tuliimba. Hatutajificha kwenye hilo. Upande wa pili nao haukunyamaza, ukajibu: "Ndege ya Amerika, mtaingoja mpaka mvi!" Tukacheka. Halafu kicheko kikakauka, maana kati yetu kuna familia iliyofanyiwa mahojiano ya kwenda Amerika miaka mingi nyuma na mpaka leo inangoja jibu.

Golikipa wa Warundi ana miaka 17. Alifika hapa mwaka 2015 akiwa mtoto mdogo. Wiki ileile ya fainali, nyumba mbili za majirani zake zilikuwa zimeondoka na msafara wa kurudi Burundi, na mama yake alikuwa halali, anawaza kama na wao watafuata. Mechi ilipoisha hakumpa mtu mkono. Yeye ni mwanachama wetu. Kikao cha Jumanne hakuja.

Kwenye kikao tuligombana kweli. Wengine walisema: "Ni utani tu. Simba na Yanga wanaitana makolo na vyura kila siku, nani amekufa?" Wengine wakajibu: "Chura ni neno tu. Gari la kurudi lipo kweli, tumeliona kwa macho." Hatukuelewana. Ndipo mmoja wetu, ambaye ana jezi ya mitumba yenye mistari ya kijani na nyeupe, aliyoinunua sokoni bila kujua ni ya timu gani, akasema hiyo timu ilishawahi kuimbiwa wimbo kama wetu. Tukachanga bando, tukasoma. Hiki ndicho tulichokikuta.

Njaa ya viazi

Jezi ile ni ya Celtic, timu ya mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti. Lakini habari yenyewe inaanzia ng'ambo ya maji, Ayalandi.

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye mashamba ya viazi ya Ayalandi. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Wakulima maskini walikuwa wanakula viazi karibu kila siku, kwa sababu nafaka na mifugo vilikuwa vya kulipia kodi ya shamba na vya kuuza. Viazi vikaoza ardhini, mwaka ukaisha, vikaoza tena. Shida hiyo ilienda mpaka karibu mwaka 1852. Na huku watu wanakufa, chakula kingine kiliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa nje. Watu kama milioni 1 walikufa kwa njaa na magonjwa, na zaidi ya milioni 1 walikimbia nchi. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ile ya 1851 ilikuta milioni 6 na nusu.

Waliopata nauli ya mbali walienda Amerika. Wasiokuwa nayo walivuka maji mafupi kwenda Liverpool au Glasgow, wakikaa juu ya sitaha ya meli kwenye baridi. Mwaka 1851, karibu asilimia 18 ya watu wa Glasgow walikuwa wamezaliwa Ayalandi. Walibanana kwenye vyumba vya kupanga, familia juu ya familia. Homa ya chawa ilipolipuka mwaka 1847, wenyeji waliibatiza jina: homa ya Kiayalandi. Hapo tuliposoma tulitazamana. Nani kati yetu hajawahi kusikia kwamba kipindupindu kimeletwa na wakimbizi?

Na kumbe kuwarudisha watu kwao kulikuwa sheria. Chini ya Sheria ya Maskini ya Uskoti ya mwaka 1845, Mwayalandi aliyekuwa hajatimiza miaka mitano mahali pamoja, akienda kuomba msaada, angeweza kupandishwa meli na kurudishwa alikotoka. Yaani kunyoosha mkono kuomba chakula kulikuwa kujiweka hatarini. Kwa hiyo wimbo ambao tutausema baadaye haukutoka hewani. Kabla ya kuwa wimbo, ulikuwa karatasi ya serikali.

Jambo lingine lilikuwa dini. Wengi wa wale waliokimbia njaa walikuwa Wakatoliki, na Uskoti ilikuwa nchi ya Waprotestanti. Chuki haikuisha kizazi cha kwanza kilipozikwa. Mwaka 1923, miaka zaidi ya 70 baada ya njaa, mkutano mkuu wa Kanisa la Uskoti ulipokea ripoti iliyowaita Waayalandi hatari kwa taifa la Waskoti. Wengi wa waliosemwa mle walikuwa wajukuu, watoto waliozaliwa Glasgow na wasioijua Ayalandi. Kanisa hilo lilikuja kukiri hadharani aibu ya jambo hilo mwaka 2002.

Timu iliyoanza kwa ajili ya sahani ya chakula

Kati ya watoto wa miaka ya njaa alikuwepo Andrew Kerins, aliyezaliwa mwaka 1840 wilaya ya Sligo. Alihamia Glasgow akiwa kijana, akaingia shirika la mabruda Wamarist, akaitwa Bruda Walfrid. Sisi wa kutoka Kivu tunawajua Wamarist. Mabruda wanne wa shirika hilo waliuawa mwezi wa kumi mwaka 1996 kwenye kambi ya wakimbizi ya Bugobe, karibu na Bukavu, kwa sababu walikataa kuwaacha wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wanawahudumia.

Walfrid alikuwa mwalimu upande wa mashariki wa Glasgow, na aliona watoto wanakuja shule bila kula. Mwezi wa 11 mwaka 1887, yeye na wenzake walianzisha timu ya mpira ili viingilio vya mechi vinunue chakula cha watoto maskini. Timu hiyo ndiyo Celtic. Mechi ya kwanza waliicheza tarehe 28 Mei 1888 dhidi ya timu ya mji huohuo iliyoanzishwa mwaka 1872, Rangers. Celtic walishinda 5 kwa 2.

Baadaye Rangers ikawa timu ya Waprotestanti, Celtic timu ya Waayalandi na Wakatoliki. Kwa miaka mingi sana Rangers haikusajili mchezaji anayejulikana kuwa Mkatoliki. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Kilichovunja ukuta huo kilikuwa usajili wa Mo Johnston mwaka 1989, na hata hapo kuna mashabiki waliochoma skafu zao kwa hasira.

Wimbo wenyewe

Mwaka 2008 wimbo mmoja ukashika kwenye majukwaa ya Rangers. Uliitwa Wimbo wa Njaa. Maneno yake hatutayaandika, ila maana yake ni hii: njaa imeisha, mbona hamrudi kwenu? Ulikuwa unaimbiwa watu ambao mababu zao walifika Glasgow miaka 160 iliyopita. Vitukuu vya wakimbizi, wenye pasipoti za Uingereza, wanaongea lafudhi ileile ya anayewaimbia.

Jambo likawa kubwa, mpaka ubalozi mdogo wa Ayalandi huko Uskoti ukaongea na serikali. Klabu ya Rangers iliwaonya mashabiki wake kwamba wanaweza kukamatwa. Wengine walijitetea kama sisi tulivyojitetea Jumanne: ni utani, ni kejeli za mpira, wao nao wana nyimbo zao. Shabiki mmoja alishtakiwa kwa kuuimba kwenye mechi mjini Kilmarnock mwezi wa 11 mwaka huo. Akakata rufaa, akisema ni uhuru wake wa kusema. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikataa. Majaji walisema mtu kumcheka mwenzake kwa timu yake ni jambo moja, na kuwaambia watu waondoke nchini kwa sababu ya asili yao ni jambo lingine. Huo, walisema, ni ubaguzi.

Hapa baadhi yetu tulitaka insha iishie. Ilikuwa imekaa vizuri: watoto wa wakimbizi wameonewa, mahakama imewatetea, kwaherini. Lakini dada mmoja Mrundi wa kundi letu alisema, "Tafuteni na wao Celtic walimfanyia nani."

Tukatafuta. Tarehe 2 Januari 1988 Rangers walienda uwanja wa Celtic wakiwa na mchezaji mpya mweusi, Mark Walters, mzaliwa wa Birmingham. Mashabiki wa Celtic walimrushia ndizi na kumtolea sauti za nyani. Mashabiki wa timu iliyoanzishwa ili mtoto wa mkimbizi apate kula. Si wote, lakini walikuwa wengi wa kutosha kujaza uwanja ndizi. Tena mwaka 2011 shirikisho la mpira la Ulaya, UEFA, liliipiga Celtic faini ya euro 15,000 kwa sababu mashabiki waliimba kuwasifu wapiganaji wa IRA kwenye mechi na Rennes ya Ufaransa. Kwa aliyefiwa na ndugu kwenye vita vya Ireland ya Kaskazini, wimbo huo nao ni kisu.

Kwa hiyo historia haikutupa upande wa kujificha. Kufukuzwa kwenu hakukufanyi uache kumfukuza mwenzako. Sisi tulidhani ukishakimbia unakuwa unajua. Wakongo waliokuwa wanaimba pale uwanjani, nusu yao wamebebwa mgongoni kuvuka ziwa Tanganyika. Walijua vizuri sana neno gani litauma, na ndiyo maana walilichagua hilo.

Sheria ilijaribu

Mwaka 2011 mambo ya Glasgow yalizidi. Kocha wa Celtic, Neil Lennon, Mkatoliki kutoka Ireland ya Kaskazini, alitumiwa risasi kwa posta, halafu vifurushi vya mabomu. Mechi moja ya Celtic na Rangers mwezi wa tatu iliisha kwa kadi nyekundu tatu na makocha kushikana mbele ya kamera. Serikali ikaamua kutunga sheria maalum ya mpira. Bunge la Uskoti liliipitisha mwezi wa 12, kwa kura za chama tawala peke yake, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 2012. Ukiimba au kufanya jambo la kuudhi ambalo linaweza kuchochea fujo kwenye mechi, kifungo kingeweza kufika miaka mitano.

Mtu angefikiri mashabiki wa Celtic watafurahi. Wapi. Wao ndio walioandamana zaidi kuipinga. Walisema inawaonea mashabiki wa mpira tu, kwamba polisi wanawapiga picha kama wahalifu, na kwamba nyimbo za historia yao zinawekwa kapu moja na matusi. Wengine walisema sheria za zamani zilitosha, na mfano wao ulikuwa uleule Wimbo wa Njaa: ulihukumiwa mwaka 2009, kabla sheria mpya haijazaliwa. Wanaoitetea waliuliza: na anayeimbiwa afanye nini, avumilie mpaka mseme basi? Mwezi wa tatu mwaka 2018 bunge lilipiga kura ya kuifuta. Waliotaka ifutwe walikuwa 62, waliotaka ibaki 60. Kura mbili tu. Mnaona ugumu wake.

Njia nyingine ni kuadhibu klabu. Mwaka 2019 UEFA iliilazimisha Rangers kufunga viti 3,000 vya uwanja wake wa Ibrox kwenye mechi na Legia ya Warsaw, kwa ajili ya nyimbo za chuki za dini. Klabu inaogopa hasara, kwa hiyo inawakemea watu wake. Hiyo inasaidia kidogo. Lakini tarehe 29 Agosti 2021, siku ya mechi ya Celtic na Rangers, kikundi cha mashabiki kilipita mitaani Glasgow kikiimba Wimbo wa Njaa, polisi wakiwa pembeni yao. Siku hiyo mashabiki wa Celtic hawakuruhusiwa hata kuingia uwanjani, kwa sababu ya korona. Wa kuimbiwa hawakuwepo, na bado waliimba. Klabu ililaani, watu wakakamatwa. Lakini wimbo ulikuwa umeishi miaka 13 baada ya kuanza, umepita mahakama, sheria mpya na kufutwa kwa sheria.

Mwaka uleule, mji uleule, kuna jambo lingine tulilisoma mara mbili. Glasgow siku hizi inapokea waomba hifadhi wengi kutoka nchi nyingi, Afrika wakiwemo. Tarehe 13 Mei 2021, gari la uhamiaji lilikuja mtaa wa Kenmure asubuhi na kuwachukua wanaume wawili wenye asili ya India. Majirani wakatoka. Mtu mmoja akajilaza chini ya gari. Wengine wakalizunguka, wakawa mamia, wakipaza sauti kwamba hawa ni majirani zetu, waachieni. Jioni wakaachiwa. Tunaamini kwenye umati ule walikuwepo wa Celtic na wa Rangers, maana huo ndio mji wao. Koo za watu wa Glasgow zinaweza kuimba vyote viwili.

Turudi kwenye utani

Sasa, lile neno "utani tu". Tuko Tanzania, nchi ya utani, kwa hiyo tulimuuliza jirani yetu mwenyeji, mama anayeuza mboga soko la pamoja. Alituambia utani wa makabila una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana hata kwenye msiba wa baba yako, lakini ndiye huyohuyo anayechimba kaburi, anayebeba maji na anayepika. Ana ruhusa ya kusema kwa sababu ana wajibu wa kukusaidia. Na wewe una haki ileile juu yake. Simba na Yanga ni watani wa jadi kwa maana hiyo: mnaitana vyura na makolo, kesho mnapanda daladala moja, na hakuna anayepoteza mahali pa kulala.

Tukajipima na kipimo hicho. Tulipoimba gari linangoja, je, tulikuwa tayari kumsaidia golikipa kufunga hiyo mizigo? Kumsindikiza mama yake? Kuwauliza wanaogopa nini? Hapana. Hatukujua hata kwamba majirani zake wameondoka. Basi haukuwa utani. Tulitumia hofu yake kutafuta goli la kusawazisha, na goli lenyewe hatukulipata.

Tulienda kwao Ijumaa, Wakongo wanne na Warundi wawili. Mama alitukaribisha, akatupa chai. Tulimwomba radhi kijana mbele ya mama yake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Nyie mlikuwa mnaimba. Mimi nilikuwa nasikiliza sauti ninazozijua. Nilifika sita." Hatukuwa na la kujibu. Amesema mpira ataendelea kucheza. Kuhusu kurudi kwenye kundi, amesema tumpe muda. Tumempa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tumesikia pendekezo kwamba mashindano yajayo yawe bila ngoma na bila nyimbo kabisa. Tunaelewa nia, ila tunaomba msifanye hivyo. Uskoti walijaribu mkono mzito, na hata walioonewa waliukataa. Tena hapa kambini uwanja ni sehemu chache sana ambapo tunapaza sauti bila kupanga foleni.

Sisi tumekubaliana hivi. Kila jukwaa lina mpiga ngoma wake. Ukianza wimbo unaogusa kurudi, mgao wa chakula, kabila au dini ya mtu, mpiga ngoma wa upande wako mwenyewe anasimamisha ngoma. Siyo refa, siyo polisi, siyo wa upande wa pili. Wapiga ngoma wote wawili wamekubali mbele yetu.

Lililobaki ni ile ndege ya Amerika. Warundi wetu wanasema ilikuwa jibu tu, na ni nyepesi kuliko gari la kurudi. Familia inayongoja haijasema kitu, na sisi tumeogopa kuiuliza. Kikao cha Jumanne ijayo kinaanzia hapo, saa 10 jioni, chini ya mwembe kama kawaida. Njooni, hata nyie mliocheka.